Kikohozi cha Mchungaji

Kanisa letu lilikuwa linaanza kwa kikohozi. Makanisa mengine yana kengele, mengine yana kinanda kinachopigwa mpaka watu waache kusalimiana wakae. Sisi tulikuwa na koo la mume wangu. Saa ikifika anasimama mbele, anakohoa mara mbili, kikohozi kidogo halafu kikubwa, na watu wote wanainuka. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na watoto wa waumini wetu wakicheza kanisa uani pale shuleni, yule anayejifanya mchungaji haanzi kwa kuomba wala kwa kusoma. Anakohoa, na wenzake wanasimama.

Jambo lenyewe lilianza kanisa lilipokuwa bado sebuleni kwetu. Watu walikuwa wachache, wote wanafahamiana, na wakishazama kwenye makochi yangu maneno hayaishi. Mume wangu alikuwa kijana mwenye haya, hajui awanyamazisheje waliomzidi umri, basi akawa anakohoa. Tulipokodi ukumbi uliokuwa ghala la saruji, kikohozi kilihama nasi, pamoja na meza yangu ya chakula ambayo mpaka leo iko kule mbele imefunikwa kitambaa cheupe. Niliahidiwa meza nyingine. Bado nasubiri.

Haya yake aliiacha kule sebuleni. Ghalani sauti yake ilifunguka, akawa anahubiri bila kipaza sauti, na wauza mitumba wa barabarani wakasema hawana haja ya kuingia ndani, wanahudhuria ibada hukohuko kwenye meza zao. Walimpa jina la Kengele. Yeye alijifanya halipendi, lakini mimi naishi naye. Akisikia mtu anaita "Kengele!" huko nje, mgongo unanyooka.

Tatizo la mume wangu ni kwamba alifanya kila kitu. Mlango wa chuma wa lile ghala ulikuwa umepinda, na ili ufunguke lazima uuinue kwa bega huku unaupiga teke pale chini kushoto, na aliyeijua hiyo dawa ni yeye peke yake. Akishafungua anapanga viti. Akishapanga viti anapokea watu. Anaanzisha nyimbo, anaomba, anasoma, anahubiri, anatangaza, anafunga, na watu wakiondoka anafagia. Katikati ya wiki yuko njiani kwenda kwa mgonjwa huyu na kwa mfiwa yule, na wanandoa wakigombana wanamgongea mlango yeye. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba pale hapakuwa na kanisa, palikuwa na yeye na watu wanaomtazama.

Alikuwa ananijibu kwa kunyoosha kidole upande wa pili wa barabara, mkabala na ukumbi wetu. Pale palikuwa na kanisa dogo kama letu. Mchungaji wake aliugua, akakaa kitandani muda mrefu, na watu wakapungua mpaka pakawa hapana mtu. Sasa ni duka la matairi. Msalaba waliutoa ukutani, lakini rangi ya pale ulipokuwa haijafifia sawa na kwingine, na mume wangu akifungua ukumbi wetu kila Jumapili anageuka kulitazama lile duka. Kumbe mwenzangu alikuwa anaogopa. Mimi nilidhani ni ubishi tu.

Sauti ilianza kukwaruza, naye akasema ni vumbi la saruji. Ikazidi, akasema ni mabadiliko ya hewa. Asubuhi moja alifungua mdomo aniite nikiwa jikoni, pakatoka upepo mtupu. Hapo nilimshika mkono nikampeleka hospitali mwenyewe, maana ningemwachia aende peke yake angeishia kuwaombea wagonjwa foleni nzima na kurudi bila kumwona daktari.

Daktari wa koo alikuwa mama wa makamo, mpole wa uso na mkali wa maneno. Alimtazama kwa kile kioo chake kirefu, akatuambia kuna vinundu vimeota kwenye nyuzi za sauti. Akituliza koo kabisa huenda vikayeyuka. Akiendelea kulitumia, sauti itakwenda na haitarudi.

"Usiongee, usinong'one," alimwambia. "Na kuliko yote, usikohoe kusafisha koo. Hicho kikohozi chako ndicho kinachokuchana."

Mume wangu akauliza mpaka lini.

"Mpaka nikuambie mimi. Na hilo lilikuwa swali lako la mwisho."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa naongea peke yangu. Mimi na mdomo wangu huu, nilikuwa napiga domo ili nisilie. Nilikuwa nafikiria jinsi anavyoniita. Tangu tuoane haniiti mama fulani, ananiita Mwalimu, na analivuta lile neno kidogo mwishoni kama ananitania. Niliwaza kwamba huenda nilishalisikia kwa mara ya mwisho na hata sikumbuki ilikuwa lini.

Nilimletea ubao mdogo wa shuleni na chaki. Hilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu alianza kuandika siku ileile na hakuacha. Aliandika nani asome, nani aombe, nani aimbishe, viti vikae vipi. Alimwita Nesi, muumini wetu anayefanya kazi wodi ya wazazi, mwanamke asiye na mchezo hata kidogo, akamwandikia maagizo mpaka chaki ikaisha. Nesi aliyasoma yote, akafuta ubao kwa kiganja, akamwambia wameelewa na sasa apumzike.

Jumapili ilipofika tulitangulia. Aliuinua mlango kwa bega, akaupiga teke, akapanga viti, kisha nikamkalisha nyuma, karibu yangu, mahali asipozoea. Watu waliingia wakimpa pole kwa sauti za chini kana kwamba ni yeye aliyefiwa. Bibi Mbele alikuja ameshikwa mkono na binti yake. Huyu bibi haoni, macho yalimzima miaka mingi iliyopita, na tulimpa jina hilo kwa sababu kiti chake ni kile cha mbele kabisa, na mgeni akikikalia kwa bahati mbaya bibi anamkalia mapajani bila kusema neno.

Kila mtu alikuwa anajua sehemu yake. Nesi alikuwa na kitabu mkononi, wa kuomba yuko tayari, waimbaji wameshajipanga. Saa ikafika, na hakuna kilichotokea.

Nilichelewa kuelewa. Mume wangu alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa kuanza, kwa sababu kuanza hakukuwahi kuwa kwenye mpango wowote, kulikuwa kooni mwake. Watu walikaa. Wakarekebisha nguo. Wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama, na yeye pale alipo nikaona shingo inapanda na kushuka, mkono unakwenda mdomoni. Nikamfinya paja kwa nguvu zangu zote.

 Ndipo pale mlangoni mtu akakohoa, kikohozi kidogo, halafu kikubwa, na kanisa zima likasimama.

Alikuwa Fundi Geti. Huyu anachomelea vyuma, mageti na madirisha, na moshi wa kazi umemharibu kifua, kwa hiyo huwa anakaa karibu na mlango ili kikimshika atoke asisumbue watu. Kanisani aliletwa na mkewe na hatukuwahi kumsikia akisema zaidi ya amina. Pale alikuwa ameshainuka atoke nje, mkono uko kwenye kitasa. Watu wote wakageuka kumtazama, wamesimama, wanasubiri. Alipigwa na butwaa. Alitazama mlango, akatutazama sisi, akamtazama mkewe, na mkewe akamkazia jicho ambalo wake wote tunalijua.

"Haya," alisema Fundi Geti. "Tuanze kazi."

Ndivyo anavyowaambia vijana wake asubuhi wakifungua karakana. Hakuwa na jingine la kusema. Mtu mmoja alicheka, halafu wengi, na waimbaji wakaingia na wimbo wakiwa bado na kicheko mdomoni. Waliuanzia juu mno, ubeti wa tatu ulibaki na akina mama wawili tu wenye pumzi. Lakini ibada ilikuwa imeanza.

Sitasema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka, kwa sababu hayakunyooka. Jumapili moja karani mmoja wa ofisi ya maji alipewa mahubiri, akatuhubiria mpaka watoto wakalala chini ya viti. Nyingine walisahau matangazo, na nyingine watu wawili walisoma sura ileile kwa sababu hawakuulizana. Mume wangu alikuwa anakaa pale nyuma anajikunyata. Tukifika nyumbani anakimbilia ubao. Aliandika kwamba wanaharibu. Aliandika kwamba watu watachoka, watakwenda kwingine. Mimi nilikuwa napita na kitambaa nafuta.

Kilichomkata maini kuliko vyote ni mlango. Fundi Geti alimwona anausukuma kwa bega na uso umekunjamana, akasema mtu aliyekatazwa hata kukohoa hafai kupigana na chuma. Katikati ya wiki akaja na mashine yake, akaunyoosha, akabadilisha bawaba na kitasa, na funguo akazigawa kwa yeyote anayekaa jirani aliyezitaka. Jumapili iliyofuata tukakuta ukumbi uko wazi, viti vimeshapangwa, tena vimepangwa nusu duara, watu wanaonana nyuso. Mume wangu alisimama pale kizingitini hajui mikono aiweke wapi. Nilimhurumia sana. Aliusukuma mlango kwa kidole kimoja, ukaenda, akauvuta, ukarudi, akafanya hivyo tena na tena mpaka nikamwambia anazuia watu.

Jioni hiyo hakuandika kitu. Nilipomuuliza kama koo linauma alitikisa kichwa. Aliinuka akaenda dirishani akakaa anatazama nje, na sikuwa na haja ya kuambiwa anaona duka gani kichwani mwake.

Halafu Bibi Mbele akaugua. Nesi alikuja kutuita mchana, bado yuko kwenye sare zake, akatuambia ni mapafu, bibi anahema kwa shida na homa imempanda, gari limeshapatikana la kumpeleka hospitali lakini yeye amegoma. Amesema haondoki kitandani mpaka Mchungaji amwombee. Binti yake amembembeleza, majirani wamembembeleza, wapi.

Bibi anakaa chumba kimoja nyuma ya saluni ya binti yake. Tulipita katikati ya wateja waliokaa chini ya mashine za kukausha nywele, tukaingia ndani. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda, kiti na kabati, kinanuka mafuta ya nywele na dawa ya kuchua. Bibi alikuwa ameinuliwa kwa mito. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi kila akivuta pumzi.

Nesi alimwambia tumefika. Bibi akageuza uso upande wa mlango, akasema, "Kengele, mbona hunisalimii?"

Binti yake akamkumbusha kwamba Mchungaji amekatazwa kuongea. Sote tulijua bibi analijua hilo, amekaa nalo Jumapili zote hizo. Lakini homa ilikuwa imelichukua. Alisema mbona anasikia nyayo na hasikii mtu. Aliuliza kama Mchungaji amemkasirikia. Akasema kama hataki kuja asije, yeye atakaa palepale.

Nilimtazama mume wangu. Ubao alikuwa ameubana kwapani, na nikaona anaukumbuka, anautazama, anaelewa kwamba kwa bibi huyu ubao ni kipande cha mbao tu. Hawezi kumwandikia. Hawezi hata kumtabasamia. Mtu pekee kanisani ambaye hakuwa na chochote cha mume wangu ila sauti alikuwa amelala pale, anaukataa uzima wake kwa ajili ya sauti hiyo.

Alipiga magoti kando ya kitanda. Nikaona shingo inapanda. Niliijua ile dalili, ndivyo inavyokuwa kabla ya kikohozi. Nesi naye aliiona, akanitazama mimi ili nimzuie. Sikumzuia. Nilikuwa natamani kumziba mdomo kwa mikono yote miwili, na nilikuwa natamani amwombee yule bibi aende hospitali, na mwisho wa yote nilisimama tu pale nimekumbatia mkoba wangu.

Mdomo wake ulifunguka, halafu ukafunga. Akauchukua mkono wa bibi, ule mkono mkavu wenye moto wa homa, akauweka kwenye koo lake, akaubana pale kwa mkono wake mwenyewe.

 Vidole vyake vilianza kutembea. Vilipanda mpaka kidevuni, vikashuka, vikakaa kwenye lile koo lisilotoa kitu. Nadhani alisikia anavyomeza mate. Nadhani alisikia pia kwamba analia, maana machozi yalikuwa yanamshukia mkononi.

"Kumbe ndiyo hivyo," bibi alisema. "Umefungwa, mwanangu."

Mume wangu alitikisa kichwa kukubali, na mkono wa bibi ukatikisika nacho.

"Miaka yote hiyo unaniombea mimi. Wewe nani anakuombea?"

 Mimi mkewe huwa namwombea usiku nikiwa nimejifunika shuka, hilo Mungu anajua. Lakini mbele za watu, kwa sauti, akiwa amekaa kwenye kiti kama wagonjwa wengine, hakuna mtu aliyewahi kumwombea. Hatukuona kwamba nafasi hiyo ipo.

"Basi inama," alisema bibi.

Akaomba. Pumzi zilikuwa zinamkatikia, kila maneno machache anapumzika, mashine za nywele zinaunguruma upande wa pili wa ukuta. Aliombea koo. Aliombea miguu yake kwa sababu inatembea sana. Aliombea kichwa chake kwa sababu hakilali, akasema anajua hakilali, mtu akilala vizuri haji kutembelea wagonjwa alfajiri. Akaniombea na mimi, akamwambia Mungu kwamba huyu mwanamke anavumilia mengi, na hapo nikalia waziwazi mpaka Nesi akanipa leso yake. Alipomaliza alisema amina mwenyewe, akajifuta mdomo.

"Haya, nipelekeni hospitali. Mnangoja nini?"

Tangu siku hiyo mume wangu alikuwa mwingine. Ubao aliurudisha shuleni mwenyewe, akanikabidhi mkononi mbele ya watoto, wakampigia makofi. Jumapili alikaa pale nyuma bila kujikunyata. Fundi Geti, ambaye sasa kila wiki alilazimishwa aanze, alisema wamesikia ya Bibi Mbele na wameona aibu, akaweka kiti katikati ya ile nusu duara akamwita. Mume wangu alikwenda akakaa. Walimwekea mikono, hata yule karani wa ofisi ya maji, ambaye safari hii aliomba kwa ufupi.

Na watu wakaanza kumsimulia mambo. Hilo sikulitegemea. Walikuwa wanakuja nyumbani, wanakaa, wanaongea, na kwa kuwa yeye hawezi kujibu wanaendelea mpaka wanafika pale penyewe. Zamani mtu alikuwa anasema kidogo tu, Mchungaji ameshapata jibu na aya ya kulishikiza. Sasa mama mmoja aliongea mpaka chai ikapoa, na alipoondoka alimshukuru kwa ushauri mzuri. Mume wangu alinitazama kwa mshangao, nikamwambia asinitazame hivyo, ni ushauri wake bora kuliko wote.

Nami nilimwambia yangu. Nilimwambia nimechoka kuwa mke wa kanisa zima, kula chakula kilichopoa, kusikia mlango unagongwa kila tukikaa. Nilimwambia naogopa sauti yake isirudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso kwa uso. Halafu akainuka akaenda jikoni akaosha vyombo, vyote, mpaka masufuria, na tangu hapo anaosha.

Siku ya kurudi kwa daktari ilifika. Yule mama aliingiza kioo chake, akachungulia kwa muda mrefu, akamwambia atoe sauti kidogo tu, aseme aa. Ilitoka aa nyembamba, yenye mkwaruzo, ya mtu mwingine kabisa. Daktari akasema vinundu vimekwisha. Akasema pia kwamba sauti itakayorudi itakuwa ndogo kuliko ile ya zamani, atumie kipaza sauti, asijaribu kuwa kengele tena. Sijui nani alimwambia kuhusu kengele. Namshuku Nesi.

"Sasa unaweza kuongea," alimwambia. "Polepole."

Nilisubiri. Tulitoka hospitali hajasema neno. Tulifika nyumbani, tukala, tukalala, hajasema neno. Siku zilizobaki za wiki hiyo vilevile. Nikaelewa kwamba neno la kwanza anawawekea wao, kwamba litasemwa pale mbele kwenye meza yangu ya chakula, na sisemi uongo, iliniuma. Mimi ndiye niliyemfinya, mimi ndiye niliyeshika roho mkononi, na zawadi wanapewa waumini. Jumapili nilipiga pasi shati lake kwa hasira mpaka kola ikakaa kama kadibodi.

Tulikuta mlango uko wazi. Bibi Mbele alikuwa amerudi, amekonda, amekalishwa kwenye kiti chake na shali mabegani. Nesi alikuwa anapokea watu. Wote walikuwa wanajua Mchungaji amefunguliwa, wakamwonyesha njia ya mbele. Yeye akatabasamu, akaja akakaa nyuma pembeni yangu kama alivyozoea sasa. Nikadhani anataka aitwe.

Saa ikafika. Fundi Geti alikuwa anainuka kwenda mbele, hajafika, na mume wangu pale alipo, kwa mazoea tu, bila kufikiri, akakohoa. Kidogo, halafu kikubwa.

Hakuna aliyesimama.

Watu waliendelea na shughuli zao. Mmoja alikuwa anamfunga mtoto kiatu. Bibi Mbele, bila kugeuka, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mpeni maji Mchungaji wetu," na chupa ya maji ikaanza safari kutoka mbele, mkono kwa mkono, mtu anampa mtu bila kukatiza alichokuwa anafanya, mpaka ikamfikia.

Niliutazama uso wake, maana niliogopa nitakachokiona. Kwanza ulikuwa uso wa mtoto wangu wa chekechea aliyekuta mwenzake amekalia kiti chake. Kile kikohozi kilikuwa kimewasimamisha watu hawa tangu sebuleni kwetu, na leo kimeletewa maji. Aliishika ile chupa bila kuifungua. Akatazama mlango ulio wazi, na ng'ambo ya barabara duka la matairi likionekana lote. Akaitazama ile nusu duara, na Nesi anayemwonyesha mgeni pa kukaa. Kisha nikaona mabega yanashuka, yanashuka kabisa, kama mtu aliyetua mzigo ambao alishasahau kwamba ameubeba. Akafungua chupa akanywa.

"Haya," alisema Fundi Geti kule mbele. "Tuanze kazi."

Tukasimama wote, naye akasimama. Waimbaji wakaanza, safari hii chini inavyotakiwa. Nilikuwa nimejitanua, mkoba upande mmoja na kitabu upande wa pili, nafasi ya watu wawili. Mume wangu akaniinamia sikioni.

"Sogea kidogo, Mwalimu," alisema, kwa ile sauti yake mpya ya kukwaruza, na mwishoni akalivuta. "Nami niimbe."

Nikasogea.